Nyumba Yenye Milango Miwili

Haya ni ya kweli, yote, kuanzia kichwa hadi kwato. Sikuongeza chumvi, na pilipili ndiyo kabisa sina. Mbele yenu mliokaa hapa Ipogolo kwenye benchi la mashine ya kusaga, mkingoja unga wenu, naweka dau: mtu akininasa na uongo hata wa punje moja, natoa kuku jike, mtagaji, leo leo. Jina la wilaya tu ndilo nitakalolimeza, kwa sababu wajukuu wa wahusika wapo na wengine wana mikono mizito.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne. Barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya ilikuwa inapanuliwa. Kando yake palikuwa na kitongoji kilichoitwa Maili Kumi na Moja, maana ndivyo jiwe la barabarani lilivyosema na hakuna aliyepata jina zuri zaidi. Hapo alikaa mwanamke wa Kinyakyusa aitwaye Damari, na mumewe Asukile aliyekuwa kibarua wa barabara, na watoto wao watatu, na baba mkwe wake, Mzee Saulo.

Naona Wanyakyusa mliopo mmeinua vichwa. Mna haki. Kwao, zamani zile, mke wa mwana hamtazami baba wa mumewe usoni, hamsemeshi, hali naye, na akimwona kwa mbali njiani anaingia porini hadi apite. Sasa huyu alikaaje naye nyumba moja? Alikaa kwa sababu Mzee Saulo alikuwa amezika mke na wana wengine wote kule Tukuyu, akabakiwa na Asukile peke yake. Akaja na mkeka na fimbo, akakataa kuingia ndani, akalala siku ishirini chini ya turubai la barabara huku akijenga nyumba kwa mikono yake. Nyumba yenyewe ilikuwa na milango miwili: mmoja, wa Damari na mumewe, unatazama barabara, mwingine, wa mzee, unatazama migomba. Katikati, ukuta wa udongo kutoka sakafuni hadi kwenye nyasi za paa.

Ukuta ule ndio uliokuwa ulimi wao. Mzee akigonga fimbo mara moja, anaomba maji au moto, na Damari anamtuma mtoto. Akigonga mara mbili maana yake, "Ninatoka, nisafishie njia," na Damari anageukia jikoni mpaka nyayo ziishe. Miaka saba waliishi hivyo. Damari alimjua mkwe wake kwa kikohozi na kwa kivuli. Uso wake hakuujua.

Na alikuwa na deni la shukrani kwake ambalo hakujua pa kulitua. Mimba ya tatu ilipomkwamia, Asukile akiwa kazini Ubaruku, ni Mzee aliyekwenda nyumba kwa nyumba kukusanya wanaume wa kubeba machela. Alitembea mbele yao hadi hospitali ya misheni, mvua inamnyeshea, hakugeuka nyuma hata mara moja, lakini kila baada ya hatua chache aligonga fimbo kwenye mti ili yule aliyelala kwenye machela ajue hayuko peke yake. Mtu kama huyo utamshukuruje, na mdomo wako umefungwa kwake?

*

Siku ile Asukile alirudi mapema kutoka kazini. Damari alikuwa anapepeta maharage jikoni, nyuma ya nyumba. Aliona vidole vya mumewe ni vyeupe hadi kwenye kucha.

"Leo mmepaka mawe ya daraja?" akauliza.

Asukile alizunguka upande wa barabara, akasimama. Damari akamfuata, akaona. Ukutani, kando ya mlango, palikuwa na alama ya X, mkato juu ya mkato, ya chokaa mbichi, kubwa kama mlango wenyewe.

"Nani kaichora?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Didas nyapara alinipa ndoo. Nikamwambia, bwana, hii ni nyumba yangu. Akasema, najua, paka. Wenzangu wote wanatazama. Nikapaka." Alijifuta mikono kwenye suruali, ikawa nyeupe na suruali. Kisha akasema neno ambalo baadaye alilionea aibu: "Nimeinyoosha vizuri, lakini."

Kila nyumba yenye alama ilikuwa ya kubomolewa kabla ya mvua za Novemba, na kwenye kitongoji kizima alama ilikuwa hiyo moja. Asukile angepewa chumba kambini kwa vibarua.

"Chumba kina milango mingapi?" Damari aliuliza.

"Unaijua kambi. Chumba kimoja, mlango mmoja."

Ukuta wa udongo ni mnene lakini si kiziwi. Jioni ile Mzee hakugonga kuomba moto. Asubuhi Damari alisikia mkeka unakunjwa, kamba inafungwa, na fimbo inagonga mara mbili, taratibu sana. Nisafishie njia.

Kwa mara ya kwanza katika miaka saba Damari hakusogea. Alikaa katikati ya njia, mgongo wake kwa mlango wa mzee, kanga imefunika kichwa chote, akabaki hapo kama gogo. Mzee akagonga tena mara mbili. Gogo halikutikisika. Asingeweza kupita bila kumkaribia mke wa mwanawe, na kumkaribia ni mwiko. Akasimama kitambo. Halafu kamba ikafunguliwa, mkeka ukatandikwa.

"Umemfungia mzee ndani!" Asukile alinong'ona jikoni, macho yamemtoka.

"Sijamgusa. Nimekaa tu."

"Na kesho?"

"Ametandika mkeka, atangoja. Mimi kesho nakwenda bomani."

"Mke wa kibarua? Damari, gwe, nitafukuzwa kazi."

"Basi utakuwa mume asiye na kazi mwenye baba. Ni nafuu kuliko mume mwenye kazi asiye na baba."

*

Bomani palikuwa na karani aitwaye Ezekia, mwenye kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuonekana. Damari alikwenda na barua aliyoandikiwa na mwalimu wa Injili. Ezekia aliishika kwa ncha ya vidole kama kitambaa cha mafua.

"Imeandikwa kwa Bwana Shauri moja kwa moja," akasema.

"Ndiyo, baba. Si ndiye mkuu wa wilaya?"

"Haina 'kupitia kwa'. Mumeo ni mtu wa barabara. Anamwandikia nyapara wake, nyapara anamwandikia Bwana Barabara, yeye anamwandikia mkubwa wake Mbeya. Hapa ni kwa watu wa jumbe. Sogea kwenye jua, mama, unazuia mlango."

Alisogea kwenye jua. Siku ya pili alikwenda kwa Bwana Barabara, ambaye mlango wake ulikuwa kwenye jengo lile lile, baraza lile lile. Huko akaambiwa kwamba ramani inatoka juu, na mambo ya ardhi na viwanja ni ya Bwana Shauri. Akasogea tena kwenye jua. Alipokaa, watu wenye viatu walimruka miguu.

Siku ya tatu alikwenda na kuku wa madoadoa kwapani.

Sasa hapo bomani palikuwa na tarishi kijana, jina lake Liberatus. Kijana mtanashati, mwaminifu, mcha Mungu, kofia yake nyekundu imekaa sawasawa; sijaona tena tarishi kama yule katika serikali zote nilizozipitia. Alimwona yule mama, akamwonea huruma. Damari akamsogezea kuku. Liberatus akarudi nyuma hatua mbili, akasema kwa sauti ya upole: "Mama, serikali haili kuku. Rudi naye nyumbani akatage." Kisha, bure kabisa, akakaa naye kwenye ngazi na kumfundisha serikali.

"Juu kabisa, Dar es Salaam, yuko Gavana," alisema. "Ana baraza lake la wakubwa. Chini yake Katibu Mkuu, huyo ndiye kalamu ya nchi, barua zote zinaishia kwake. Hapo mti unatoa matawi. Tawi moja ni la idara: barabara, misitu, mifugo, dawa. Kila idara ina bwana wake hukohuko Dar, naye ana watu wake mpaka huku porini. Tawi la pili ni la utawala: Bwana Mkuu wa Jimbo yuko Mbeya, chini yake mabwana shauri wa wilaya, chini yao machifu na majumbe, chini yao wewe."

"Na chini yangu?"

"Kuku wako."

Damari alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya chokaa. "Haya. Bwana Shauri na Bwana Barabara, mkubwa nani?"

"Hakuna. Kila mmoja ana mkubwa wake."

"Ofisi zao zinapakana."

"Ukuta mmoja."

"Wanazungumza?"

Liberatus alitazama huku na huku. "Zamani. Halafu paa likavuja, pale pale juu ya ukuta. Huyu akasema kuziba ni kazi ya idara ya barabara na majengo. Yule akasema hana fungu, boma lijizibie. Tangu hapo ni barua tu. Huyu anaandika Mbeya kwa mkubwa wake, mkubwa anampa mkubwa wa yule, naye anaandika huku kwa yule. Mimi ndiye nazipeleka posta na mimi ndiye nazipokea. Barua inakwenda Mbeya na kurudi ili ivuke ukuta."

Damari alimpapasa kuku wake akifikiri. Liberatus alidhani hajaelewa, akaanza upya kwa Gavana. Yeye akamkatiza.

"Nimeelewa, mdogo wangu. Hawa ni mtu na mkwe wake. Nyumbani nimezoea." Akainuka, akajikung'uta vumbi. "Wanakutana pamoja saa ngapi?"

"Hawakutani. Ila saa nne wanakunywa chai barazani wote, maana birika ni moja. Huyu ncha hii, yule ncha ile, migongo imepeana."

*

Kesho yake saa nne, Bwana Shauri, mwembamba mwenye soksi ndefu, alikaa ncha ya mashariki. Bwana Barabara, mnene mwenye shingo nyekundu, alikaa ncha ya magharibi. Katikati yao palikuwa na nguzo ya mti iliyoshikilia paa, na chini ya nguzo ndoo ya bati imejaa nusu, maana usiku ilikuwa imenyesha mvua ya mapema.

Damari alipanda ngazi bila kuitwa. Ezekia alinyanyuka kwenye kiti akisema "We mama! We mama!" lakini tayari alikuwa amefika kwenye nguzo. Alivuta kanga ikafunika kichwa na uso. Akapiga magoti. Kisha akawageuzia mabwana wale wawili ubavu, asimtazame yeyote, akaikabili nguzo.

"Nguzo, kamwene," alisalimu, kwa Kihehe, maana nguzo ilikuwa ya nchi ile. "Mimi sina uso wa kusema na wakubwa. Nasema na wewe. Wao wakisikia, ni masikio yao."

Mabwana wale Kiswahili walikijua. Vikombe vilibaki njiani.

"Nguzo, kwangu kuna watu wawili wasiotazamana. Mmoja ni mimi, mwingine ni baba yake mume wangu. Miaka saba sijamwona uso. Sijamwambia hata asante, na ananidai asante kubwa, alinitangulia kwenye mvua nikiwa nakufa. Ni mwiko, na mwiko tumeushika. Lakini paa letu likivuja, nguzo, yeye anagonga ukuta, mimi nasogeza chungu. Hatujawahi kutuma mtu Mbeya akatuulizie kama kunavuja."

Liberatus, aliyekuwa ameshika birika, aliinamisha uso akajifanya anatazama chai inavyochemka, ingawa ilikuwa imeshapoa.

"Sasa nyumba yetu imepigwa chokaa," Damari aliendelea. "Ikivunjwa tunapewa chumba cha mlango mmoja. Mzee hataingia. Atarudi Tukuyu kwenye makaburi, atakaa nayo, atakufa. Ng'ambo ya pili ya barabara, nguzo, nyumba hakuna. Kuna kiwanja cha nyasi, Bwana Shauri anapiga hema akija safari, mara moja kwa mwaka. Nimepima kwa miguu yangu barabara isogee kiasi gani huko ili ituepuke. Hatua kumi na mbili. Bwana Barabara hana nyasi zile, na Bwana Shauri hana barabara. Kila mmoja ana nusu. Mimi sijui serikali. Najua ukuta. Nauliza tu, nguzo: hawa wakubwa hawana fimbo ya kugonga?"

Tone moja likaanguka kutoka darini. Likalia ndani ya ndoo.

Ezekia alikuja mbio amtoe. Bwana Shauri akamwinulia kidole, naye Ezekia akasimama palepale. Masikio ya bwana yalikuwa mekundu. Alitazama ndoo. Alitazama kikombe chake. Muda ukapita wa mtu kuvuta sigara nusu, na Damari hakuinuka, magoti yanamuuma kwenye saruji.

Ndipo upande wa magharibi kijiko kikagonga kikombe. Mara moja. Mara mbili.

Bwana Shauri akageuka. Waliyosema yalikuwa ya Kiingereza na yalikuwa mafupi. Liberatus aliyasikia yote lakini aliyaelewa mawili: "grass", na "roof".

*

Ramani haikubadilika, ramani ni ya Dar es Salaam. Lakini hatua kumi na mbili, kumbe, Bwana Barabara alikuwa na uwezo nazo mwenyewe, ilimradi Bwana Shauri aachie nyasi, na Bwana Shauri aliachia nyasi, ilimradi mtu apande juu akazibe paa. Ndiyo yote. Karatasi moja, sahihi mbili, ukuta mmoja.

Didas nyapara alimletea Asukile ndoo ya maji na brashi. "Futa," alisema. Wenzake walisimama kutazama tena, ila safari hii walikuwa wanapiga makofi. Asukile alisugua mpaka udongo ukatoka pamoja na chokaa, kisha akakaa chini kando ya ndoo, akalia mbele ya wote, na hakuna aliyemcheka.

Damari alifika jua likiwa linaelekea kushuka. Alipita upande wa jikoni, akaoga vumbi la bomani, akavaa kanga safi. Halafu akaja kwenye ukuta wa katikati. Ng'ambo alisikia pumzi za mzee. Alikuwa ameshaambiwa na mwanawe. Alikuwa amesimama hapo hapo, upande wake.

Mwiko unakataza kumsemesha mkwe. Haukatazi kumsemesha ukuta. Hilo alikuwa amejifunza bomani. Damari aliweka paji la uso kwenye udongo.

"Ukuta," alishukuru polepole kwa lugha ya kwao, "ndaga. Kwa mvua ile. Kwa kila mti uliougonga. Ndaga fijo."

Ikasikika fimbo. Si mara moja ya kuomba moto, si mara mbili ya kutoka. Iligonga na kugonga, taratibu, kama ile njia ya misheni yenye miti mingi, na Damari alibaki ameegemea hapo akisikiliza hadi mwisho, machozi yanachora mistari kwenye ukuta.

Mzee Saulo aliishi nyumba ile miaka mingine sita, akafia humo, upande wa migomba. Na barabara, ukitoka Iringa, ikifika Maili Kumi na Moja inapinda hatua kumi na mbili bila mto, bila mlima, bila sababu yoyote ambayo dereva anaweza kuiona. Malori yakifika kwenye kona ile yanapiga honi mara mbili. Waulizeni madereva kwa nini. Watawaambia ni kwa sababu ya kona.

*

Hapo nilinyamaza, nikaangalia nyuso za watu wangu kwenye benchi. Mmoja alikuwa anajifuta macho na kona ya gunia. Nikajiona nimeshinda dau.

Ndipo ukuta wa mashine, nyuma ya mgongo wangu, ukagongwa mara mbili.

Niligeuka. Bibi mmoja mfupi, kilemba cheupe, fimbo mkononi, alikuwa amesimama kwenye foleni ya unga na debe la mahindi miguuni pake. Sikuhitaji kuambiwa.

"Kamwene, Liberatus," alisema.

Benchi zima likanitazama. "Liberatus ni wewe? Sisi tunakuita Babu tu!"

"Umesimulia vizuri, mdogo wangu," alisema Mama Damari. "Nguzo nilisema nayo, kweli. Ndoo ilikuwepo. Na mzee wangu umemtaja kwa heshima, ndaga fijo. Ila pale kwa kuku pamenikwama kooni."

"Kuku gani tena, mama?"

"Yule wa madoadoa. Serikali haili kuku! Ulimshika miguu kabla sijamaliza salamu. Ulimla na wali wa Ubaruku, na mimi nimekaa juani nasikia harufu."

Watu walicheka mpaka mwenye mashine akaizima ajue kuna nini. Nilijaribu kusema kwamba nilikuwa kijana, kwamba chakula cha matarishi kilikuwa kibaya. Hakuna aliyesikia.

"Lakini nisimwonee," Mama Damari aliwaambia. "Bila yule kuku asingenitajia saa ya chai. Wengine walikula vyangu na hawakunitajia kitu. Huyu alikula akasema. Kila nikisikia honi pale kwenye kona namkumbuka kwenye sala, yeye na mabwana wale wawili na kijiko chao."

"Basi hatudaiani, mama," nikasema kwa haraka.

"Mimi na wewe hatudaiani. Dau uliweka na hawa."

Nilikwenda nyumbani, si mbali, nikarudi na mtagaji wangu bora, na sikuchagua mwembamba, Mungu shahidi, na huo si uongo. Benchi lote likanyoosha mkono kwa Mama Damari kwamba ni wake. Alimtia kwapani kama siku ile ya kwanza, akampapasa shingo, akaridhika. Mtu mwingine akambebea unga.

Kisha akagonga fimbo chini mara mbili. Nikavua kofia, nikasogea pembeni, nikageuza uso ukutani mpaka nyayo zake zikaisha.